Picha Mbili za Mkono wa Hilda

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumanne, tarehe kumi Juni. Dodoma imeamka na baridi, na upepo mkavu wenye vumbi. Tunamkumbuka Hilda Zablon wa Haneti, aliyefariki Ijumaa kwa kiharusi, akazikwa jana. Tunamkumbuka pamoja na mumewe, Nathanaeli, ambaye mpaka sasa kichwa chake kimejaa maswali.

Hilda alikuwa na soriasisi. Ni ugonjwa wa ngozi, nao hauambukizi. Narudia, hauambukizi. Viwiko vyake vilikuwa na mabaka yenye magamba. Kisha vidole vikaanza kuvimba na kuuma. Asubuhi akawa hawezi kushika mwiko wala kumenya karanga.

Wakapiga eksirei. Mifupa ikaonekana mizima. Nathanaeli, mzee wa kanisa, akafurahi mno.

"Mama Seth, Bwana amejibu. Simama ushuhudie."

Jumapili Hilda akasimama mbele ya madhabahu, akasema amepona. Kina mama wakapiga vigelegele.

Lakini maumivu yalikuwa palepale. Kila alipoangusha mwiko, mumewe aliuliza, "Si umepona?" Naye angejibu nini? Alishasema mbele ya kanisa. Akanyamaza mwaka mzima.

Dada yake, Priska, ndiye aliyechoka. Siku moja alimkuta Nathanaeli ameinua ile eksirei dirishani. "Shemeji, hiyo picha unaisoma au unajipepea? Hebu mtazame mtu mwenyewe!"

Wakaenda mjini kupiga MRI, picha inayopigwa kwa sumaku kubwa. Chumba kile hakiingii mtu na vyuma mwilini. Pete ya ndoa ya Hilda ikagoma kutoka kidoleni, nesi akaikata. Nathanaeli akakishika kile kidole. Kilikuwa kimevimba chote, na cha moto.

Daktari Ikram akawaeleza taratibu. Eksirei huonyesha zaidi mfupa ulioharibika. MRI inaweza kuonyesha uvimbe ndani ya kiungo, mfupa ukiwa bado mzima. Ugonjwa wa ngozi ulikuwa umefika kwenye viungo.

"Mkono ni huohuo," Nathanaeli alisema. "Picha moja inasema mzima, nyingine inasema mgonjwa. Sasa mimi nilimshukuru Mungu kwa kitu gani?"

Hilda akacheka kidogo. "Ulishukuru kwa mifupa, Baba Seth. Mifupa ni mizima kweli. Ila mimi hukuniuliza."

Akaanza dawa, akapata nafuu, akasonga ugali tena. Lakini kanisani walipomwona na dawa, wengine walinong'ona kwamba alidanganya madhabahuni. Nathanaeli alisikia. Aliomba, akaona aibu, akanyamaza. Hilda amekufa na jina hilo la mwongo.

Tunaipa pole familia yote. Bwana awatie nguvu. Nasi tujiulize: nyumbani kwetu, nani anaumwa kimya kwa sababu tulishamsemea kwamba ni mzima?

Jana makaburini, mbele ya mchungaji, waombolezaji na Priska, Nathanaeli alivua kofia, akasema kwa sauti:

"Jumapili hii nitasimama palepale nilipomsimamisha. Nitasema mke wangu alikuwa anaumwa. Ule ushuhuda ulikuwa wangu, haukuwa wake. Naahidi, nanyi nyote mmenisikia."