Kipimo cha Kumi na Nne: Kumuaga Mzee Anastase Bahizi

Mzee Anastase Bahizi, mnakili wa nota katika Ofisi ya Nyimbo ya Umoja wa Kwaya za Ziwani, anastaafu Ijumaa tarehe 27 Juni 2025 baada ya kutumikia miaka ishirini na minane. Kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo hatuna namna ya kuihakiki, amenakili nyimbo elfu mbili na mia tatu.

Aliajiriwa mwaka 1997, ofisi ilipokuwa chumba kimoja katika mtaa wa Mbugangari, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Kabla ya hapo alifundisha shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa kupokea madaftari ya watunzi, kuziandika nyimbo upya kwa wino mweusi juu ya mistari mitano, na kuzitolea kwaya nakala. Mwandiko wake ulinyooka hata wageni wakauliza mashine yetu ni ya aina gani. Wanakwaya walimwita Muganga wa Nota, kwa sababu daftari lililofika na makosa lilitoka limepona. Jina hilo alilipenda. Mwaka huu alituomba tuliache.

Mwaka 2019 alikubali kuiweka kalamu kando, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Programu tuliyomwekea, LilyPond, ni ya bure na haina vitufe vya kuchorea: nota unaziandika kwa herufi na tarakimu kama anayeandika barua, kisha yenyewe inachora ukurasa. Kwa kawaida inataka nota ziitwe c, d, e. Mzee alikataa. Alisema amezijua kwa do, re, mi tangu utotoni na hatazibatiza upya uzeeni. Siku tatu hakuandika kitu, mpaka ulipopatikana mstari mmoja wa kuweka juu ya faili, unaoifanya programu ielewe do, re, mi. Tangu hapo akaandika kwa vidole viwili, na kila jioni aliiambia kompyuta muramuke, yaani usiku mwema, kabla ya kuizima. Kuna juma moja la Pasaka alilotafuta kwa saa tatu kwa nini wimbo mzima haukutokea, akalaumu umeme, akalaumu printa. Alikuwa amesahau kufunga mabano.

Mwaka jana ofisi iliamua kukusanya nyimbo mia moja na ishirini katika kitabu kimoja, na jina la Mzee Anastase liwe juu ya jalada. Tulikubaliana aziandike kutoka kwenye madaftari ya watunzi, si kutoka nakala zake za zamani. Februari mwaka huu alifika wimbo wa arobaini na sita, wa Mama Donatha, muuza samaki wa soko la Mahoko. Ni wimbo wa mama aliyesimama ufukoni, upepo unapanda, anamwita mtoto wake aliye majini.

Programu ilitoa onyo: kipimo cha kumi na nne, yaani kipande cha kumi na nne kati ya mistari ya wima, ambacho kama vingine kilipaswa kuwa na mapigo manne, kilikuwa na matatu. Mkono wake, kwa mazoea, ukaongeza alama ya kimya ya pigo moja. Onyo likaondoka. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mwaka 2003 alifanya hivyo hivyo kwa kalamu. Kwa miaka ishirini na miwili kwaya zote za ufukoni zilikuwa zinasimama pale na kuvuta pumzi, na mwenye wimbo hakuwahi kuulizwa. Akaifuta alama ile. Onyo likarudi, naye akaliacha.

Kesho yake alikwenda Mahoko na kompyuta mfukoni mwa begi la shule la mjukuu wake. Aliyoyasikia huko alitusimulia mwenyewe, na ameruhusu yaandikwe. Mama Donatha aliusikia wimbo wake kanisani ukiwa na shimo katikati, akaamini waliosoma wamemsahihisha. Akaona aibu. Akaacha kwaya na hakutunga tena. Sisi sote tulidhani aligombana na kiongozi wa kwaya.

Mzee alimwomba auimbe. Akauimba amesimama kando ya beseni la sambaza, wale dagaa wa ziwani, akipiga makofi, na kwenye kipimo cha kumi na nne hakusimama. Mzee akamuuliza pigo la nne liko wapi. Mama Donatha, ambaye amekulia Goma, alimjibu kwa Kiswahili cha huko: "Ule mama iko anaita mutoto yake kwa maji. Atangojea nini pale?"

Mzee aliandika mstari mmoja wa kukifanya kipimo kile kiwe cha mapigo matatu, na mwingine wa kurudi kwenye manne. Mratibu wetu, Bi Pascasie, hakufurahi. Tarehe ya mchapaji ilikuwa imeshapangwa, na kwaya zimeshazoea kusimama pale. Wimbo ungevunjika midomoni mwa watu. Mzee hakubishana. Alisema tu kwamba wimbo ukibaki na shimo, jina lake litolewe kwenye jalada. Bi Pascasie aliomba siku mbili za kufikiri, kisha akakubali.

Ilifuata barua kwa kwaya thelathini na nane. Tulimpendekezea Mzee maneno "hitilafu ya kiufundi". Aliyakata, akaandika kwamba kosa ni lake, alilifanya mwaka 2003 kwa kudhani mtunzi hajui kuhesabu. Matokeo bado si laini. Mazoezini nusu ya waimbaji wanaendelea na nusu wanasimama, na Bi Pascasie husema sasa tuna wimbo ambao nusu ya watu wako majini na nusu wamebaki ufukoni.

Wiki iliyopita Mama Donatha alikuja ofisini na daftari la mazoezi, kurasa mbili kwa penseli: wimbo mpya, wa kwanza tangu wakati ule. Alipita meza zetu zote akaliweka mbele ya Mzee Anastase. Mzee aliuandika palepale, mwenye wimbo amekaa ubavuni. Programu ilionya mara tatu, na mara tatu Mzee aliondoa mikono kwenye vitufe na kuuliza. Onyo la kwanza, Mama Donatha alisema liachwe. La pili pia. Kwenye la tatu alihesabu kwa vidole, akarudia, akacheka.

"Ile nimekosea kweli," alisema. "We tengeneza."

Asante, Mzee Anastase. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na Jumapili nyingi za kuimba bila kushika kalamu.