Egon Haberstroh na Bastola Isiyofyatuka Ikianguka

Wasikilizaji wapendwa wa bonde letu la mto Neckar, punguzeni moto jikoni, mkae kidogo. Leo tunamkumbuka Egon Haberstroh, fundi wa bastola, aliyetutoka Jumanne akiwa usingizini.

Babu zetu hapa bondeni waliifanya bastola ijipakie yenyewe. Unafyatua, ganda linaruka, risasi nyingine imeshaingia. Mimi hadi leo nikiifikiria kazi ile nabaki mdomo wazi. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikianguka vibaya, iliweza kufyatuka.

Ndivyo ilivyompata Alwin, mdogo wake Egon, aliyekuwa polisi. Alikuwa anashuka kwenye baiskeli, bastola ikachomoka kiunoni, ikaanguka, ikalia. Risasi ikamvunja mguu wa kushoto, ukakatwa. Na bastola ile Egon ndiye aliyeikagua kiwandani na kuipitisha. Wasikilizaji, Egon mwenyewe. Ndugu hao wakaacha kusemezana. Sisi Waswabia, Wajerumani wa huku kusini, tunaweza kununiana miaka huku tunapasiana bakuli la dengu.

Egon akajifungia karakanani na tupa yake ya kusugulia chuma. Mjane wake, Bi Hedwig, ananiambia: "Kila nikifua nguo nakuta vichuma mifukoni. Nikimuuliza, anasema 'bado.' Ndoa nzima ilikuwa 'bado.'"

Mwishowe akakipata: kizuizi kinachokishika kile kichuma cha kugonga risasi, kisisogee mpaka kidole kivute kifyatulio. Kizuizi kidogo kuliko ukucha, wasikilizaji. Kidogo kuliko ukucha, na maisha ya watu yamekaa juu yake.

Desturi ya karakana ilikuwa mtengenezaji aidondoshe bastola mpya, ikiwa na risasi, kwa mkono wake mwenyewe. Wenzake walijikinga nyuma ya mifuko ya mchanga. Siku ya Egon mlango ukafunguka, akaingia Alwin na magongo yake. Akaipita mifuko ya mchanga. Akaichukua bastola mkononi mwa kaka yake, akaishika juu ya kiatu chake kimoja.

"Nimebakiwa na mguu mmoja, kaka," akasema. "Natumaini umepiga hesabu vizuri."

Egon alikuwa mweupe kama chaki. Akasema, "Iachie."

Ikaanguka sakafuni. Haikulia.

Hakuna aliyepiga makofi. Alwin aliitazama pale chini, akasema, "Inafaa," kisha akauliza kama nyumbani kwa Hedwig kuna dengu. Wakaenda kula. Baadaye vizuizi vya namna hiyo viliingia kwenye bastola za polisi, na baba yangu mzazi alikuwa mmoja wa waliozibeba.

Bi Hedwig, pole sana. Mzee Alwin, pole sana. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu mnakula naye kimya kimya, mfikirieni jioni hii.

Jana nilimuuliza Alwin kama siku ile hakuogopa. Akasema aliogopa mno, ila kuzungumza na kaka yake kulimtisha zaidi. Kesho makaburini, tukimzika Egon, hataweza kusema kitu kwa uchungu, kwa hiyo ameniomba nimsemee hapa redioni:

"Kaka, nilikusamehe. Nilipaswa kukwambia kabla hatujala dengu."