Dawa ni ya Bure, Kuifuata Si Bure

Mheshimiwa mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa kituo chetu, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mnaofuata dawa hapa kila mwezi, ambao itifaki imewaweka mwisho ingawa bila ninyi nisingekuwa na cha kustaafu: nawasalimu nyote kwa heshima na furaha.

Nimekaa kwenye dirisha la dawa za virusi vya Ukimwi kwa miaka kumi na tisa. Leo nimesifiwa tangu asubuhi, mpaka nikageuka nyuma kutazama kama kuna mwingine anayesemwa. Lakini jambo kubwa kuliko yote lililofanyika katika kituo hiki mimi nililipinga, tena kwa sauti ya juu.

Miaka minne iliyopita, katika chumba kile cha mikutano chenye feni iliyokufa, Daktari Mkuu alituletea pendekezo: kila atakayefika kliniki kwa tarehe yake atumiwe pesa kidogo kwenye simu, kwa miezi sita. Nilisimama kabla hajamaliza. "Daktari, tangu lini mtu akalipwa kwa kuokoa roho yake mwenyewe? Leo tunamlipa anywe dawa, kesho atataka posho ya kupumua!" Wenzangu walicheka, nami nikakaa nikijiona mshindi.

Daktari hakubishana. "Sista, unayo orodha ya walioacha kuja. Mtafute mmoja tu, ukamsikilize nyumbani kwake. Ukirudi na maneno hayo hayo, nalichana pendekezo."

Nikamchagua mfua nguo mmoja tunayemwita Mama Povu. Amenipa ruhusa kumtaja. Alisema nisipomtaja atasimama ajitaje mwenyewe. Alikuwa hajaonekana kwa miezi minne, na mara ya mwisho nilikuwa nimemgombeza mbele ya foleni nzima kwa kuchelewa.

Nilimkuta uani, ameinama juu ya beseni, gauni limemning'inia kama limetundikwa msumarini. Shuka moja lilikuwa limemshinda kukamua. Akashika upande huu, nami upande ule, tukalikamua pamoja. Nikamuuliza, "Mwenzangu, dawa si ya bure? Mbona umeiacha?"

Akanijibu, "Sista, dawa ni ya bure. Kuifuata si bure. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku nzima kwenye foleni. Siku nisipofua, mwenye nguo anampa mwingine, na wanangu wawili wanalala njaa. Wewe ungechagua nini?"

Ndugu zangu, ningechagua nini? Nilikuwa na mshahara, na nyumba ya kituo hatua mia moja kutoka dirishani. Nilikuwa nimewaita wazembe watu waliobeba mizigo ambayo mimi sijawahi hata kuigusa. Nikamwomba radhi pale pale, mikono ikinichuruzika maji. Akasema, "Yameisha, dada. Haya, shika na lile shuka jingine."

Sikusubiri kikao. Nilimkuta Daktari mlangoni nikamwambia, "Usilichane."

Mpango ukaanza. Mama Povu alifika kwa tarehe yake, na kabla hajavuka geti simu yake ikalia. Akaiinua juu: "Jamani, kumbe hawatanii!" Kicheko kile kilivuta watu kuliko mabango yetu yote. Mwezi wa pili akaja na jirani. Wa tatu, jirani akaja na mumewe, aliyekuwa akiapa kwamba haumwi chochote.

Sitawadanganya kwamba wote walirudi. Wapo niliowafuata nikaambiwa wamekwisha kuzikwa. Lakini katika kila kumi waliotupotea, wanane walirudi. Na mwezi wa sita, majibu ya Mama Povu yalipotoka, nilimsomea: virusi vimefubaa hata kipimo hakivioni. "Soma tena, sista." Nikasoma tena. "Tena!" Nikasoma mara ya tatu, naye akaketi chini palepale akilia na kucheka.

Kisha pesa zikakoma. Wiki nzima nilikosa usingizi. Je, watakuja? Au maneno yangu ya mwanzo yalikuwa kweli, kwamba tulinunua miguu tukaiacha mioyo? Tarehe ikafika. Nikafungua dirisha, na wa kwanza alikuwa Mama Povu.

Nikamwambia, "Pesa zimekwisha. Hukupata habari?"

"Nimepata. Lakini sista, wakati ule sikuwa na nguvu ya kukamua shuka. Sasa nafua nyumba mbili kwa siku, na wenye nguo ndio wanaonisubiri mimi. Nauli ninayo. Nipe dawa zangu, kazi inaningoja."

Nyuma yake foleni ilifika getini.

Mheshimiwa, leo umetangaza kwamba mpango huu utaingia katika vituo vyote kumi na vinne vya wilaya yetu, kwa wanaoanza dawa na kwa wanaorudi. Umetufuta jasho. Waliosema haiwezekani, nikiwa wa kwanza wao, tumeshindwa. Na sijapata kufurahia kushindwa kama leo!

Nanyi wauguzi vijana, mtu akikosa tarehe, kabla hamjamwita mtoro, muulizeni amekwama wapi. Jumatatu hamtaniona dirishani. Mtaona foleni ndefu ya watu wazima, wenye nguvu, wenye haraka ya kwenda makazini. Msiwacheleweshe.

Kwa masikio mliyonitegea na miaka mliyonivumilia, asanteni sana.