Edith Awuor Aliyeifuata Chumvi Hadi Bolivia

Edith Awuor, tunayemlaza leo katika ardhi ya Muscat, alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 huko Ugunja, Siaya, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Omondi na Mama Dorothy. Mdogo wake Tony, anayeusoma wasifu huu, alifuata miaka mitatu baadaye, na hakuacha kukosolewa naye hadi mwezi uliopita. Edith alikuwa mtoto wa mawazo ya mbali. Alitumwa kuni akarudi mikono mitupu, na alipoulizwa alikuwa wapi, alisema alikuwa akitazama mahali mbingu inapoishia. Alichapwa kwa hilo, na kesho yake akaenda tena kutazama.

Alisoma shule ya msingi hapo Ugunja, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana. Mwaka 1995, akiwa kidato cha tatu, alipata mimba, na tarehe 2 Novemba mwaka huo akajifungua mtoto wa kike, Ivy. Nyumbani palikuwa pazito. Mzee alikula peke yake. Mtoto alipotimiza miezi mitatu, Mama Dorothy aliingia chumbani kwa Edith, akambeba mtoto pamoja na shuka lake.

"Huyu sasa ni wangu," alisema. "Wewe rudi shule. Mbele ya watu ni mdogo wako, na neno hili usinivunjie."

Edith aliahidi. Nyumba nyingi zilifanya hivyo, na hakuna aliyeona ni ukatili. Ivy akakua akiwa kitinda mimba wa Mama Dorothy, akimwita Edith "sista". Alipoambiwa ukweli, tayari msichana mkubwa, alijibu, "Sawa," akachukua mtungi akaenda kuteka maji. Hawakulizungumza tena. Edith alimaliza kidato cha nne mwaka 1997, akapata diploma ya maabara ya vyakula mjini Kisumu, na kila likizo alimletea mtoto gauni alilolikadiria kwa kukumbuka. Kila mara lilikuwa dogo.

Mwaka 2005 alikuja Muscat, akaajiriwa katika maabara ya kiwanda kimoja cha kufungasha chumvi kule Rusayl. Kazi yake ilikuwa kuipima chumvi: unyevu wake, weupe wake, ukubwa wa punje. Mwingine angechoka. Edith aliimwaga kidogo juu ya sahani nyeusi, akaisawazisha kwa kidole, akaiinamia hadi akaona nchi nzima humo, na njia, na mtu anayepita. Mkuu wake, Bi Nasriya, Mwomani aliyelelewa Unguja, alimzoea.

"Edith, ushaondoka tena?" alikuwa akimwuliza. "Nirudishie sahani yangu mie."

Bi Nasriya huyo huyo ndiye aliyemwonyesha siku moja picha ya uwanda wa chumvi wa Uyuni, juu kabisa katika milima ya Bolivia, mweupe hadi upeo wa macho. Edith aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

Tarehe 18 Desemba 2010 alifunga ndoa na Jacob, aliyekuwa akiendesha lori la matunda katika soko la Mawaleh mpaka soko lilipohamia Khazaen, naye akahamia nalo. Kabla ya kumkubali, Edith alimweleza habari za Ivy, mchana kweupe, wamesimama kati ya makreti ya embe. Jacob alimchagulia embe moja lililoiva vizuri.

"Basi tuko na mtoto," alisema. "Shida iko wapi?"

Edith akamweleza shida iko wapi. Mungu hakuwajalia mtoto mwingine. Ivy alipopata kazi ya ualimu hapa mwaka 2019 na kuhamia kwao Mawaleh, watu wa kanisani walisifu jinsi dada hawa wawili walivyofanana. Edith alishukuru, akatabasamu, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwezi Julai 2023, joto la Muscat likiwa limewafungia watu ndani, Edith na Ivy walichukua likizo, wakabeba mabegi mgongoni, wakaenda kuvuka jangwa la Atacama kutoka Chile hadi Bolivia. Jacob alibaki, akisema safari za lori zinamtosha. Bi Nasriya aliwafungia mizigo, kwa kuwa yeye na watu wake hupiga kambi kwenye mchanga wa Sharqiya kila mwaka.

"Jangwa ni jangwa, nnakwambieni," alisema, akawatilia kanzu nyepesi za pamba, kofia za jua, ndala, na pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini.

Hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba jangwa laweza kuwa na baridi. Walilijua hilo walipopanda mita elfu nne na zaidi, kando ya ziwa jekundu lililojaa flamingo. Hewa ilikuwa haba, wakawa wanatembea kidogo na kupumzika sana. Jua lilipozama, maji yaliganda ndani ya chupa. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja wa makamo, alizitazama ndala zao, akacheka hadi akakaa chini, halafu akawaletea chai ya majani ya koka na blanketi zito la sufu. Lilikuwa limebaki hilo moja tu, kwa hiyo wakajifunika pamoja. Tangu Ivy alipobebwa na shuka lake kule Ugunja, hawakuwa wamelala hivyo. Ivy alipitiwa na usingizi mara moja. Edith alimsimulia Tony baadaye kwamba yeye hakufumba macho, kwa sababu aliogopa asubuhi ingefika mapema.

Walinunua masweta ya sufu ya alpaka, mnyama wa huko, wakaendelea. Kuanzia hapo, kwa jinsi Edith alivyosimulia, safari ilikuwa kama mtu anayetembea usingizini huku akijua yuko salama. Milima ilisimama mbali, ya zambarau, na theluji kileleni. Mvuke ulitoka ardhini wenyewe. Wanyama wenye shingo ndefu walisimama kuwatazama, kisha wakaendelea kula nyasi kavu. Walipitisha nusu siku bila kusema neno, na hakuna aliyeona kwamba wamenyamaza.

Kisha wakafika Uyuni. Chini palikuwa chumvi tupu, imechorwa pembe sita sita kila upande, na hapakuwa na kivuli isipokuwa vyao viwili. Edith alipiga magoti, akachukua punje, akazisugua, akalamba.

"Unyevu uko juu," alisema. "Nasriya angeirudisha hii."

Ivy alicheka, na kicheko chake kikaenda mbali bila kugonga kitu chochote.

Mbele zaidi palikuwa na mwanamke aliyekusanya chumvi kwa koleo, akiirundika mafungu mafungu ili ikauke. Aliwauliza, kwa ishara na kwa Kihispania ambacho Edith alikuwa amejifunza kidogo kwenye simu, kama wao ni dada. Edith akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa Ugunja hata mmoja mpaka mwisho wa dunia.

"Hapana," alijibu kwa Kiswahili. "Huyu ni mtoto wangu. Nilimzaa mimi."

Yule mwanamke hakuelewa neno, lakini aliinamisha kichwa kwa heshima. Ivy hakugeuka. Alitembea mbele kidogo, akasimama, akasema, "Mama, begi lako liko wazi."

Edith alijaribu kulifunga, zipu ikakwama, na Ivy akarudi kumfungia. Siku zote zilizobaki alikuwa Mama: Mama kunywa maji, Mama njoo uone, Mama unatembea pole pole sana. Walipotua Muscat, Tony, ambaye naye anaishi hapa, akiwapungia mkono, Ivy alisema, "Sista, nipe hilo begi." Edith akampa, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

Mwezi Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Jacob aliacha lori, na Ivy alimwogesha na kumlisha. Wauguzi walipomwuliza Ivy yeye ni nani wa mgonjwa, alijibu, "Mdogo wake," na Edith akageukia ukuta. Mwezi Desemba alimpigia Mama Dorothy simu ya video.

"Mama, neno lako nimelishika tangu nikiwa msichana," alisema. "Naomba uniachilie sasa, nimwite mtoto wangu."

Mama Dorothy alisema atafikiria. Simu ikakatika. Kila ilipolia tena Edith aliuliza kama ni Ugunja. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 11 Januari 2026, akiwa mikononi mwa Ivy, jibu likiwa halijafika. Alikuwa ameomba azikwe Muscat, mahali Ivy anapoweza kuja, na Jacob amemtimizia.

Mama Dorothy alifika juzi. Hakutaka chai wala kupumzika. Alikaa sebuleni mbele ya waombolezaji wote, akamwita Ivy, akamkalisha ubavuni pake.

"Niliogopa nikimrudisha nitabaki mikono mitupu," alisema. "Edith aliniomba nami nikachelewa. Nimechelewa, watu wangu."

Akalia, na hakuna aliyemnyamazisha. Bi Nasriya alimshika mkono, wakakaa hivyo hadi watu wakaanza kuondoka.

Marehemu ameacha mume, Jacob, mama mzazi, Dorothy, ndugu, Tony, na binti mmoja, Ivy. Mchungaji akimaliza sala, mchanga wa kwanza kaburini utatiwa na mtoto wake, kwa agizo la bibi yake. Sisi wengine tutasubiri zamu yetu.

Mungu akulaze pema, Mama Ivy.