Methusela Ndahani na Samaki wa Jiwe Jeupe

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika, mimi ni Kefa Ndahani, mdogo wake marehemu, na kwa kuwa katika nyumba yetu aliyebaki anayejua kusoma ni mimi, familia imenituma niwaeleze alivyoishi kaka yangu.

Methusela alizaliwa hapa Mvumi, na kwa hesabu ya mchungaji ilikuwa mwaka 1880, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ndahani na mama yetu Anyesi. Mwaka 1901 aliingia darasa la misheni, akiwa mtu mzima kati ya watoto, wakamcheka naye akacheka nao, akabatizwa siku ya Pasaka mwaka 1904. Jumamosi tarehe 12 Agosti 1905 alifunga ndoa na Loisi, huyu mnayemwona hapa, wakajaliwa watoto wawili, Dorkasi mwaka 1906 na Sila mwaka 1909.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mpagazi, na mwezi Juni mwaka 1909, Sila akiwa na wiki tatu, alichukuliwa kubeba mizigo ya Mdachi mmoja mpima ardhi, ambaye wapagazi walimwita Bwana Mawe, wakafika kilima cheupe, safari ya siku nane kutoka hapa. Huko, akipasua jiwe apate mafiga ya kupikia, alikuta ndani yake samaki mdogo kama kidole, aliyegeuka jiwe, mifupa yote ipo, na jicho lipo, katika nchi ambayo hata maji ya kunywa hufuatwa nusu siku. Sisi Wagogo samaki tunamjua kwa kusikia, basi kaka yangu alicheka, akaenda kumwonyesha bwana, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe.

Bwana Mawe aliuliza kama wako wengine, na Methusela, ambaye hakuwahi kuchimba pale hata siku moja, akajibu, "Wapo, bwana." Ninyi nyote mnajua neno hilo tunavyolitumia, mgeni akiomba maziwa, hata kama ng'ombe wamekauka, huambiwa yapo, subiri kidogo, kwa sababu kumwambia mgeni hakuna ni kumfukuza. Yule bwana hakulisikia kama adabu, alilisikia kama ushahidi, akaliandika, akaamuru shimo lichimbwe, na Methusela asitoke pale mpaka samaki waishe.

Alikaa kwenye shimo lile miaka mitatu na miezi minane. Akipata samaki, alizuiwa kwa sababu kweli wapo, asipopata alizuiwa kwa sababu alisema wapo. Alitoroka mara mbili, mara zote mbili akakamatwa na kuchapwa viboko hamsa wa ishirini. Mama yetu alizikwa mwaka 1911 bila yeye. Katika barua aliyoniletea alisema anamwonea huruma yule samaki, kwa kuwa wanalala shimo moja, na akaniuliza Sila amefanana na nani. Nilikasirika niliposoma, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Vumbi lilimharibu kifua tangu Oktoba mwaka jana, akaanza kutema damu, na alipokuwa hawezi tena kuinua sururu ndipo akaachiwa. Alifika hapa tarehe 2 Februari, Sila akamkimbia akidhani ni mgeni, na walipoanza kuzoeana ugonjwa ukazidi, akafariki jana Ijumaa tarehe 14 Machi 1913, alfajiri.

Tunamshukuru bibi wa misheni aliyemtibu, majirani mliotuletea maji na kuni, na wenzake wa shimoni, Khamisi na Bashiri, watu wa Kondoa, waliombeba kwa machela siku zote nane, wao Waislamu yeye Mkristo, wakakataa hata kupokezana na watu wa njiani.

Jambo la mwisho. Asubuhi hii, kabla hatujautoa mwili, ililetwa barua kutoka bomani, kwamba kwa kuwa kaka yangu aliachiwa kazi haijaisha, ndugu yake aende aimalize, na askari aliyeileta ni yule aliyekaa pale kwenye kivuli, akisubiri nimalize kusoma. Nimemwomba anipe nafasi nitupe udongo, amekubali. Kwa hiyo mnisamehe, sitakuwepo siku ya kuanua matanga, na Loisi na watoto nawaacha mikononi mwenu.

Pumzika kwa amani, kaka. Wewe umefika nyumbani.