Ziwa Moja, Tahadhari ya Upande Mmoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, Ndugu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, viongozi wa dini, wazazi na walezi mliofunga maduka mchana wa Jumamosi, siku ambayo Kariakoo haifungi duka, nanyi wahitimu, wanangu, mnaovumilia majoho katika joto hili: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye salamu hizo hazikumfikia, habari za mchana.

Mimi ni Mwalimu Celina Komba, msimamizi wa tafiti za wanafunzi. Nimefundisha katika chuo hiki tangu kilipokuwa vyumba vya kupanga juu ya ghala la viungo, tukifundisha huku tunapiga chafya, na mwisho wa mwezi huu ninastaafu. Nimeombwa niseme maneno machache juu ya mshindi wa Tuzo ya Utafiti Bora, binti yetu Kuruthumu Seifu, kisha nimwite apande jukwaani. Maneno nitayasema. Kumwita sitamwita, kwa sababu hakuja. Haumwi, wala hajasafiri. Yuko dukani kwa mama yake, Mtaa wa Kipata, anauza vitenge, na kama vipaza sauti vya wauza viatu vingenyamaza kidogo huko nje, pengine angetusikia.

Kwa nini mtu akatae sifa anazostahili? Ndilo swali ninalotaka kulijibu, na naomba mnivumilie, maana jibu lake si fupi na wala si tamu.

Ndugu wageni waalikwa, Kuruthumu ni mtoto wa hapa hapa. Amekulia katika duka ambalo wateja wake wakubwa ni wanawake wa Malawi, wale wanaokuja na mabegi matupu na kuondoka na mabegi wasiyoweza kuyanyanyua peke yao. Mama yake akiwauzia vitenge, yeye alikuwa akikaa nao barazani wakisubiri basi, na huko alijifunza Kichewa kama mtoto anavyojifunza mchezo. Alipofika mwaka wa mwisho akaja ofisini kwangu akasema anataka kulinganisha nchi hizi mbili. Nikamuuliza atalinganisha nini, biashara? Akasema biashara watu wameshaiandika sana. Yeye anataka kuwauliza watoto. Anataka kujua mtoto wa ufukwe huu wa ziwa anadhani nani anaishi ufukwe ule, na mtoto wa kule anadhani nini juu ya wa huku.

Ziwa lenyewe mnalijua. Sisi tunaliita Nyasa, wenzetu wanaliita Malawi, na hata mpaka wake kila upande unaufundisha kivyake: ramani zetu zinaupitisha katikati ya maji, za kwao zinaupitisha kwenye mchanga wa ufukwe wetu. Leo mniruhusu niliite ziwa tu.

Chuo rafiki cha ng'ambo kilimpa mwenzake wa kazi, kijana anayeitwa Samson Mwale, mzaliwa wa Nkhata Bay, mpole, mrefu, mtu wa kufikiri kabla ya kusema. Samson alikaa nasi Ilala karibu mwaka mzima. Alijifunza Kiswahili cha vitabu kwangu na Kiswahili cha mtaani kwa mafundi wa Buguruni, akavichanganya, na siku moja alimwamkia Mkuu wa Chuo kwa kusema, "Shikamoo, mambo?" Mkuu wa Chuo alicheka mpaka akavua miwani. Nawakumbusha hili kwa sababu tulikuwa na furaha wakati huo, na si haki nikilisahau.

Wakaenda ziwani. Upande wetu walifikia kijiji cha Lihundu, kwa mvuvi anayeitwa Beno. Upande wa pili walifikia kwa wazazi wa Samson. Darasa kwa darasa waliwagawia watoto karatasi na penseli za rangi, wakawaambia wachore kilicho ng'ambo ya maji. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, michoro ile niliitandaza sakafuni nyumbani kwangu, ya huku na ya kule, nikaichanganya, nikashindwa kuitenganisha. Nyumba zile zile. Kuku wale wale. Mama yule yule anaanika dagaa. Binti wa Beno, Severa, aliyekuwa darasa la tano, alimchora bibi yake mzaa mama amesimama mlangoni huko ng'ambo, na mkono wa bibi akaurefusha ukavuka ziwa zima. Kuruthumu alipomuuliza kwa nini mkono ni mrefu hivyo, Severa alisema, "Ananiita."

Lakini kati ya maswali yao lilikuwamo moja dogo, walilolitia ili kuwazoesha watoto kuzungumza: unajuaje kwamba leo ziwa ni salama? Watoto wa kule wakajibu kwamba redio inasema, na mwalimu anarudia shuleni. Watoto wa huku wakajibu kwamba baba anaangalia mawingu. Hapo ndipo Kuruthumu na Samson walipogundua jambo ambalo sisi wasomi hatukuwa tumewatuma kulitafuta. Upepo wa mwera, ule mkali wa kusini unaochafua ziwa, ukija, upande mmoja ulikuwa unaambiwa mapema na upande wa pili hauambiwi, au unaambiwa mwera umeshakuja. Maji ni yale yale, upepo ni ule ule, na lugha ya ufukweni inasikika pande zote mbili. Kilichokosekana ni mtu wa kunyanyua simu.

Wakaandika pendekezo, nalo ni sentensi moja: upande wowote ukipata tahadhari ya upepo, na upande wa pili uambiwe saa ile ile. Hawakuomba mitambo wala jengo. Waliomba simu ipigwe.

Ripoti ikaletwa mbele ya jopo, na jopo likauliza juu ya ramani.

Dakta Elimringi, uliyekuwa mwenyekiti wa jopo lile, uko hapa mbele na nakuona. Wewe ni mtu mwangalifu, na uangalifu wako umekinusuru chuo hiki mara nyingi. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Ulisema ramani katika kazi inayobeba jina la chuo si mapambo, ni kauli, na chuo hakiwezi kutoa kauli inayopingana na nchi yake. Kwa hiyo mpaka upite katikati ya maji. Huko ng'ambo nako kulikuwa na mtu mwangalifu kama wewe, akasema mpaka upite ufukweni, vinginevyo ripoti isibebe jina la chuo chao. Samson akapendekeza ramani isiyo na mstari. Pande zote mbili zikakataa. Kuruthumu akachora ramani mbili, kila moja na mstari wake, ukurasa huu na ukurasa ule. Zikakataliwa zote mbili. Mimi nikasimama nikasema, ndugu zangu, iondoeni ramani, wapitisheni watoto hawa, pendekezo lao liende kwa wanaohusika kabla ya msimu wa upepo. Nikajibiwa kwamba utafiti wa ziwa usio na ramani ni kichekesho.

Katika kikao cha mwisho mjumbe mmoja alimuuliza Kuruthumu, kwa sauti ya mzazi kabisa, wala hakuwa na ubaya, "Mwanangu, kwani wewe uko upande gani?" Kuruthumu alikusanya karatasi zake taratibu, akatuaga kwa adabu, akatoka. Samson alirudi kwao bila cheti. Ripoti ikawekwa kabatini, kusubiri maelekezo.

Je, nani kati yetu alikuwa mwovu? Nimelitafuta jibu, sikumpata hata mmoja. Kila mtu alikuwa anatimiza wajibu wake, na kila mmoja aliutimiza vizuri.

Mwera ukaanza.

Wazazi wenzangu, sitarefusha hapa. Dada wa mke wa Beno alikuwa anaolewa huko ng'ambo, na jamaa wa Lihundu wakapanga kuvuka kwa boti ya injini, wanawake kwa wanaume, na Severa amevaa gauni jipya ambalo Kuruthumu mwenyewe alimpelekea kitambaa chake kutoka dukani. Asubuhi ilikuwa shwari. Beno aliangalia mawingu, akaridhika. Upepo uliwakuta katikati, mahali ambapo ramani zetu zinaweka mstari, na pale hapakuwa na mstari, palikuwa na maji tu. Boti ilipinduka. Beno aliokolewa na watu wa ng'ambo, ameng'ang'ania dumu la mafuta. Wengine wachache waliokolewa pia. Severa hakuonekana siku ile. Alionekana baadaye, na alionekana upande wa bibi yake.

Samson alikuwa miongoni mwa waliotoka kutafuta. Jioni alimpigia simu Kuruthumu, naye alikuwa dukani anakunja vitenge. Mama yake ndiye aliyenisimulia, kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa na yeye alikuwa karibu. Samson hakusalimia. Alisema, "Kuruthumu, huku tulitangaziwa tangu jana. Huko mliambiwa?"

Binti akasema, "Hatukuambiwa."

Simu ikabaki hewani, hakuna aliyekata.

Nilisafiri na Kuruthumu hadi Lihundu kwenye matanga. Tulimkuta Beno amekaa kwenye mkeka, watu wamemzunguka. Tulimpa pole, akaitikia. Tulipotaka kuondoka, alimwita Kuruthumu, akamwambia bila hasira, na nawaomba wahitimu mlisikie hili kuliko yote niliyowafundisha: "Mlikuja, mkatuuliza, mkaandika. Mimi nikadhani mkishaandika, kuna mtu anasoma."

Nilirudi na Kuruthumu Dar es Salaam kwa basi. Basi lilipoingia mjini aliniambia anashuka Buguruni, atatembea. Hakurudi chuoni tena.

Baada ya msiba ule, ndugu wageni waalikwa, vyuo vyote viwili vilikutana, na ripoti ikapitishwa kwa kauli moja, bila ramani. Sikumsikia mtu yeyote akicheka. Ikachapwa kwa karatasi nzuri, ikapewa jalada lenye bendera mbili na mikono inayoshikana. Ndiyo hii mnayoiona juu ya meza, ndiyo inayopewa tuzo leo kwa kudumisha ujirani mwema. Naisifu. Naisifu kwa sababu ni kazi safi kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwangu, na kwa sababu kila neno lake lilikuwa kweli tangu siku tulipolikataa.

Juzi nilikwenda dukani kumwomba Kuruthumu aje. Alinipa kiti, akaniagizia kahawa na kashata, akanihudumia kama anavyomhudumia mteja mzito. Nilimweleza habari za ukumbi, za Mgeni Rasmi, za ngao na jina lake lililochongwa. Nikamwambia kwamba wadogo zake wa chuo wanahitaji kumwona, wajue kazi ya kweli haipotei. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, nitakuja, watanipigia makofi. Halafu?"

Nilimaliza kahawa yangu nikaondoka.

Wahitimu wapendwa, najua siku kama ya leo mzee anatakiwa awape matumaini. Ningekuwa nayo ningewapa, wala nisingewabania. Mmesoma vizuri, na wengi wenu mmefanya tafiti nzuri. Je, zitasomwa? Je, mtakayemkuta na shida, akawaamini, akawaambia, atakuja kuona faida ya kuwaambia? Sijui. Nawaomba tu msimwambie mtu kwamba kuandika kwenu kutamsaidia, mpaka mjue ni nani atakayesoma, na lini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ngao iko mbele yako. Nimeombwa niipokee kwa niaba ya mshindi. Naomba radhi, na naomba usilichukulie hili kuwa ni kukosa adabu kwako, kwani wewe ni mgeni wetu na huna kosa: sitaipokea.

Wiki hii niliwapigia simu watu wawili. Nilimpigia Samson, anayefundisha shule ya msingi kwao, nikamuuliza kama kuna aliyeagizwa kuwapa taarifa wenzao wa upande wetu. Akasema hajasikia. Nikampigia Beno, nikamuuliza kama Lihundu kuna aliyepewa namba ya kupigiwa. Akaniuliza, namba gani?

Wenzangu, mwera unaanza mwezi ujao.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Asanteni.