Bi Mizani na Kondoo wa Nusu Chakula

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliokaa nasi tangu juzi, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Mizani, kwa kuwa hakuna kitu kilichompitia mbele bila kupimwa, mchumba wake akiwemo.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mama yetu, huyu aliyekaa hapa mbele, na wa marehemu baba yetu, fundi seremala. Ulikuwa mwaka wa ukame, na mtoto alikuja mdogo hivi kwamba baba alimlaza kwenye boksi la misumari lililotandikwa nguo. Mimi nilizaliwa miaka saba baadaye, mwaka wa mavuno, nikiwa bonge la mtoto, na dada hakuacha kunitania kwamba nilikula hadi fungu lake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, kisha sekondari ya bweni, akahitimu shahada ya sayansi ya mifugo mwaka 1986, na tarehe 2 Februari 1987 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mifugo, ambako alibaki hadi kustaafu. Mwaka 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa pampu za maji, aliyeitwa kutengeneza pampu ya zizi, akailegeza nati moja makusudi ili aitwe tena, kama anavyokiri mwenyewe bila aibu, nao wakajaliwa binti na mvulana.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutaka kujua njaa ya mama inamfanya nini aliye tumboni. Kondoo wenye mimba waligawanywa makundi mawili, moja likila likashiba, jingine likipewa nusu, kisha watoto wao wote wakakuzwa kwenye malisho mazuri, na walipokomaa wakatiwa sukari kwenye mshipa ili ionekane itachukua muda gani kutoka kwenye damu. Wale wa mama wenye njaa walionekana wazima, pengine wanene kuliko wenzao, ila sukari ilichelewa kuwatoka, kwani mwili uliozoeshwa uhaba tangu tumboni, alisema dada, shibe ikija huiweka akiba tu, haujui kuitumia.

Mwaka 1994 mama alikwenda kumtembelea kituoni. Aliwasikia kondoo wa nusu wakilia, akayaona matumbo makubwa na vihori vitupu, na kila wafanyakazi walipokwenda kula mchana, yeye alibeba majani makavu kutoka stoo akawalisha, siku zote alizokaa pale. Walipopandishwa kwenye mizani hesabu hazikueleweka, msimu mzima wa kazi ukaharibika, na mkuu wa kituo akafoka hadi sauti ikamkauka. Dada hakufoka, aliuliza tu kwa nini, na mama akamjibu kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini yeye anaijua, kwa sababu mwaka ule wa ukame, akiwa na mimba ya dada, alikuwa akimpa mama mkwe wake mgonjwa sahani yake na kubaki na makombo. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Wiki ileile dada alijipima damu yake, akakuta sukari iko juu. Aliuanza utafiti upya, akaumaliza, akausoma kwenye mikutano mingi, lakini mama yeye, dada alimwambia kwamba kisukari chake kimeletwa na chai, na mama akamgombeza kwa hiyo chai miaka karibu thelathini, naye dada akakubali kugombezwa.

Mwaka 2019 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu kila wiki, na tarehe 11 Juni 2023, asubuhi, alituaga akiwa hospitalini. Siku chache kabla, mwenzake wa kazini, kwa nia njema kabisa, alikaa kando ya kitanda akimsimulia mama sifa za utafiti ule, na mama yetu si mjinga, alielewa. Tangu siku hiyo anasema amemuua mwanawe kwa njaa, na tangu msiba uingie hajatia kitu mdomoni.

Mama, dada alijua utasema hivyo, akanituma nikwambie mbele za watu ili usinikatize. Alisema si kila mtoto wa kondoo mwenye njaa aliugua. Alisema pia kwamba wale kondoo, kila alipowashika mgongo, aliukuta umekonda, kwa sababu walikuwa wakiyayeyusha mafuta yao wenyewe kumlisha aliye tumboni. Hukumnyima, mama. Ulimlisha mwili wako, akaishi miaka sitini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wa kituo, pamoja na yule mwenzake, ambaye hatuna kinyongo naye. Mama, chakula chako kimefunikwa mezani, na wajukuu wako wameapa hawali mpaka wakuone umekula.

Dada, weka mizani chini sasa. Nitamsimamia mama mpaka sahani iishe. Pumzika kwa amani.